Kipande Kisicholimwa Nyuma ya Nyumba

Shamba la kahawa, Ruiru

Mama mpendwa,

Goti lako linasemaje na baridi hii? Sisi huku tu wazima wa mwili. Dada Roda anayekusomea asiruke neno, hata ukianza kulia.

Mliponioza Kageha niliacha kambi ya makapera kule Thika, maana hapa mwenye shamba hutoa nyumba kwa mtu mwenye mke. Kwa furaha sikuuliza kwa nini nyumba zilikuwa tupu. Wenyewe ni Wakikuyu. Waume walikamatwa kwa hii Hali ya Hatari, wake na watoto wakahamishiwa kijiji chenye handaki na walinzi. Mlangoni petu kuna alama za kisu za kupimia mtoto anavyokua. Kageha hupita hapo ameinamisha uso.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha nyasi tupu. Mimi, mjuaji wako, niliwacheka wenyewe kwa uvivu wao, nikalima, nikapanda maharagwe. Yalipotoa maua, mama mmoja kati ya wale wanaoletwa na walinzi kuchuma kahawa aliacha mstari wake akaja kusimama pale. Anaitwa Wanjiru. Hakutugombeza.

"Hapo sisi hatulimangi," alisema. "Kondo ya nyuma ya watoto wangu ilizikwa hapo. Mmoja amekufa huko kijijini, na kaburi sikuonyeshwa."

Alifunga udongo kidogo kwenye leso, akarudi kuchuma.

Niliona haya, Mama, na niliogopa. Maharagwe niliyang'oa, lakini Kageha bado humwona amesimama pale, hata siku ambazo wachumaji hawakuja. Uliagiza mjukuu azaliwe huku ili nyumba tusiipoteze. Kageha ameniuliza, "Na kondo ya wangu utaiweka wapi?"

Kwa hiyo nampandisha gari la moshi Jumamosi aje kwako nyumbani. Mimi narudi kambini Thika, kwa kuwa nyumba si ya mtu anayelala peke yake. Jana alikuja kuiona kijana wa Kisii na mkewe mjamzito. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hana pengine pa kumweka mkewe.

Nisalimie mjomba mpiga kengele wa kanisa, na mama mkwe. Mwambie binti yake hakufukuzwa. Mtoto akizaliwa, chagua mahali wewe mwenyewe, Mama, uwaonyeshe kaka zangu wote, wasije wakapalima.

Mwanao,
Josia