Herufi za Kemi

Jumatatu, 7 Julai
Nimenoa patasi. Nimechonga migomba ya nyuma ya nyumba kwenye ubao wa mti wa msizi. Kemi, wifi yangu, alikaa mlangoni akichonga wake. Alipokuja kutoka Kaisho hakujua hata kushika patasi. Nilimfundisha mimi.

Mchungaji amepita. Anataka picha ya sikukuu ya mavuno, ya kuchapwa kwenye karatasi na kugawia washarika. Nikamwekea zangu mezani. Akazisogeza, akachukua ya Kemi: mama mkwe wangu, mama yake, akimenya ndizi.

"Huyu mama utadhani anataka kukuita," alisema. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, umefundisha vizuri."

Nikacheka. Cha kuchekesha hakikuwepo.

Jumanne, 8 Julai
Nina wivu. Wacha niandike hivyo hivyo.

Mimi huchora kwa penseli, nafuta, nachora tena. Yeye anaingiza patasi tu. Ule mkunjo wa shingo ya mama, mikato miwili. Nimeishi na yule mama miaka, sikuwahi kuuona.

Alhamisi, 10 Julai
Mchungaji ameomba maneno chini ya picha: MSHUKURUNI BWANA. Kemi ameanza. Anayachonga kama yanavyosomwa.

Ubaoni maneno huchongwa kinyume, ndipo yasomeke kwenye karatasi. Hajawahi kuchonga maneno. Sikuwahi kumwambia.

M haina shida, pande zote sawa. Niliona kwenye S.

Nikaenda kuchambua maharage.

Ijumaa, 11 Julai
Amemaliza. Akaniita.

"Wifi, hebu nitazamie. Iko sawa?"

Nikainama, nikapuliza vumbi. "Iko sawa."

Jioni katogo ya ndizi na maharage nimeiacha sahanini. Elisha, mume wangu, kauliza kama naumwa. Siumwi.

Jumamosi, 12 Julai
Tumechapa. Karatasi nilishika mimi mwenyewe. Yeye akasugua kwa mgongo wa kijiko. Alipoibandua alitabasamu, maana alianza kumtazama mama. Kisha macho yakashuka kwenye maneno. Yote kinyume.

"Wifi, uliona."

Ningeweza kukana. "Niliona."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alichukua msumeno, akakata kile kipande cha maneno, akakitupa. Akachapa picha peke yake, bila neno, mpaka jua likazama. Hakuniita hata kumshikia karatasi.

Jumatatu, 14 Julai
Mchungaji kasema maneno hayakuhitajika. Jana kanisani kila mtu alikuwa na yule mama mkononi.

Leo asubuhi Kemi amerudi Kaisho. Ubao kaubeba mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Bodaboda ilipofika aliniaga kwa heshima zote.

"Asante kwa kunifundisha, wifi."

Haikuwa kejeli. Hilo ndilo linaloniuma.

Elisha kauliza mbona dada yake ameondoka ghafla. Nikamweleza. Akaweka kikombe chini, akaenda kuwakatia ng'ombe majani.

Sijachonga leo. Nimefagia mlangoni, pale alipokuwa anakaa.