Imba Kitaliano, Salma

Mjukuu wangu Salma,

Nakuombea uzima huko Roma. Sisi wazima, ila kiti cha marehemu babu yako mpaka leo hatukikalii.

Unaniuliza, ukija kuimba opera kwa Kitaliano hapa Maskati, watu si watasema umeutupa Uomani wako? Hofu hiyo naijua. Nilikuwa mgeni hapa, nimeolewa kutoka Unguja, wifi yangu akawa anapakwa hina. Siku ile bi harusi hutakiwa alie, nikaambiwa nimwimbie. Nyimbo nilizozijua zote zilikuwa za Kiswahili.

Shangazi yao akasema, "Hapa Omani, binti. Imba Kiarabu au kaa kitako."

Mama mkwe, ambaye Kiswahili hakujua hata neno, akamjibu, "Mwache. Tunataka bi harusi alie, hatutaki khutba."

Nikaimba. Wifi akalia, na shangazi akalia kumshinda. Asubuhi yake akanifuata jikoni. "Njoo, binti yetu, nifundishe ule wimbo."

Basi njoo uimbe, mama. Kitaliano sikijui, lakini nna leso ya mfukoni ya babu yako. Nitakuja nayo.

Bibi yako akupendaye