Mabati Kuzunguka Bustani ya Ziwani

Jumamosi, 2 Agosti 1997

Wamekuja watu tisa. Tisa tu. Na wawili walikuwa wanasubiri meli ya Nansio, magugu-maji yameikwamisha, wakaona afadhali watembee. Wiki nzima nimetangaza kanisani, Sihaba, muuza uji wa langoni pa bustani, katangaza msikitini kwao.

Diwani alituambia: nionyesheni kwamba wananchi bado wanaitumia hiyo bustani, ndipo nitapata la kusema kwenye baraza la madiwani. Baraza linakaa mwisho wa mwezi. Mwekezaji anataka kujenga hoteli pale. Ndiyo maana ya haya matembezi.

Nikawatembeza hivyo hivyo. Mawe wanapoota jua pimbi. Kibanda cha bendi cha enzi za Mwingereza, bati limetoboka. Mivule mitatu. Mwisho bomba, pale akina mama wa visiwani wanapoogesha watoto kabla ya kupanda kilima kwenda hospitali. Mmoja alikuwa na mtoto wa homa mgongoni. Akaniuliza, sasa mwalimu, sisi tukishuka melini tutapumzika wapi? Nikaendelea kueleza habari za mivule.

Jumatatu, 4 Agosti

Ndalahwa amepata kazi.

Tangu kiwanda cha pamba kibinafsishwe, mume wangu ananyoa ndevu kila asubuhi, anavaa shati la kazi, anakaa barazani. Mwaka wa pili huu. Leo karudi anatembea haraka. Nikamshika mikono yote miwili, nikacheka. Kisha nikauliza ni wapi.

Msimamizi wa vibarua. Hoteli. Wiki hii wanazungushia bustani mabati.

Akasema polepole, bila kunitazama, "Mama Winnie, wanajua wewe ni mke wangu. Nadhani ndiyo maana wameniita."

Jumanne, 5 Agosti

Ugali na dagaa. Binti yetu Winnie ndiye pekee aliyemaliza sahani.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumegombana, Winnie akisikia. Nilimwambia Ndalahwa, wanakununua ili mimi ninyamaze. Akasema, "Wananunua, ndiyo. Wewe umeona mwingine anayeninunua?" Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kusema: kwamba mchana nikiwa shuleni hulala, si kwa usingizi, ila asione watu wakipita kwenda kazini.

Nikasema basi, naacha matembezi. Nilisema kweli kabisa.

Nikaenda langoni kumwambia Sihaba. Alikuwa anakoroga uji wake, hakuacha. "Sawa, mwalimu. Jumamosi nitawatembeza mwenyewe. Mambo ya Waingereza siyajui. Nitawaonyesha bomba."

Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana. Nimerudi kwa njia ya nyuma nisionekane.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, shule hakuna. Mabati yamefika upande wote wa ziwa. Meli inasikika ikipiga honi, haionekani.

Ndalahwa karudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Akaimba bafuni. Nilikuwa nimesahau sauti yake ilivyo. Nilisimama na ndoo ya maji mlangoni nikimsikiliza, nikashindwa kumchukia. Mungu wangu, nifanye nini? Bustani ikiisha, watu wa meli wataketi juani na wagonjwa wao. Kazi ikiisha, huyu mtu hatasimama tena. Sioni njia ya tatu.

Jumamosi, 9 Agosti. Bustanini

Nilisema siendi. Nimekuja.

Watu wengi mno; mabati yametangaza kutushinda sisi. Kutoka Igoma, kutoka Magu, kwaya nzima, na abiria wa meli na mizigo yao. Sihaba aliponiona akanipisha mbele. Tulipofika kibanda cha bendi, msumeno wa injini ukanguruma. Wamekuja kukata mivule leo, baraza bado halijakaa. Watu wakaenda wakaketi chini kuuzunguka mti wa kwanza. Hakuna aliyewaagiza. Mimi pia nimeketi, mgongo kwenye gome. Naandika kwa kuwa sijui mikono niifanyie nini.

Ndalahwa alikuwa na vibarua, kofia ya njano kichwani. Mkubwa wake akamsemesha, akaninyooshea kidole. Ndipo Ndalahwa akaja. Akachuchumaa mbele yangu.

"Inuka, mama Winnie. Nakuomba."

Nikamwambia nikiinuka mimi, wote hawa watainuka.

"Nami nikirudi peke yangu, sina kazi. Unalijua hilo."

Nalijua. Nikamwambia aketi. Sikupanga kusema hivyo, neno limenitoka.

Amevua kofia, ameiweka magotini. Mama mmoja aliyeketi jirani yangu amesogeza kikapu chake, pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Msumeno umewashwa tena. Vibarua hawasogei, wanamtazama yeye.

Mkubwa wake anamwita kwa jina. Anarudia, kwa ukali sasa. Ndalahwa hajageuka. Wala hajaketi.