Shukrani Zilizomponza Kocha

Jumatano, 3 Septemba

Ligi ya vyuo inamchunguza kocha Lambert. Taarifa imetoka leo asubuhi. Kosa: kuwapa wachezaji wake wa kikapu chakula na malazi nyumbani kwake, Troyeville. Kanuni inakataza. Akipatikana na hatia anafungiwa miaka mitatu, na chuo hakina kazi nyingine ya kumpa.

Nimeisoma kanuni mara mbili. Si ya kijinga. Ilitungwa baada ya vyuo vyenye uwezo kuanza kununua vijana kwa vyumba na simu mpya.

Jioni, kwenye roboti ya barabara ya Jorissen — ndivyo wanavyoziita hapa taa za magari — nimekutana na Ruphin, kiongozi wa mashabiki wetu, Mkongo kama kocha. Bado amevaa sare ya ulinzi. Amewaka! Ni wivu tu, anasema. Tangu tuanze kushinda watu hawana usingizi. Nimemshauri anyamaze mpaka uchunguzi uishe.

"Papa yetu banamugusa, siye tunyamaze? Eish, mama Zuhura!"

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempigia Lambert. Hakukana, hakukiri. Ameomba jambo moja: mashabiki wasiseme lolote. Nimelifikisha kwa Ruphin. Amesema sawa. Sauti yake haikuwa sawa.

Kisha nikampigia Pandu, mhariri wangu. Nikamwambia habari hii ampe mwingine. Mwaka jana nilipofanyiwa operesheni, Marthe, mke wa Lambert, alinilisha mpaka nikasimama. Sina ndugu mji huu. Kila Jumapili bado nakula pale — bukari, yaani ugali wao, sombe ya majani ya muhogo, samaki — na wachezaji wamenizunguka meza nzima. Mimi si mwandishi wa habari hii. Mimi ni mlaji.

Pandu akacheka. Nani hajala pale? Hata yeye amekula. Niandike.

Nimeandika aya nne, kavu. Aya ya mwisho inasema mwandishi amewahi kula kwenye nyumba hiyo. Pandu hakuikata. Nashukuru kwa hilo.

Jumamosi, 6 Septemba

Mechi ya nyumbani. Wapinzani wamekuja na sahani tupu! Jukwaa lao zima linagonga vijiko: "Mna njaa! Mna njaa!" Glody, mchezaji wetu wa nafasi ya ulinzi, kijana anayelala kwa Lambert tangu Februari, alikosa mitupo miwili ya adhabu kwa kelele zile.

Nilitegemea watu wetu wakasirike. Wapi! Ruphin akaanzisha, ngoma ikapokea, wote wakajibu: "Njooni mule! Njooni mule!" Nusu ya ukumbi ikaangua kicheko, hata wale wa sahani. Tumeshinda kwa pointi sita.

Lambert peke yake hakucheka. Mchunguzi wa ligi alikuwa amekaa nyuma ya benchi letu, anarekodi.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani kwa akina Lambert, ibada ya shukrani. Mimi Mwislamu wa Tanga. Nilikwenda kwa kazi, nikakaa nyuma.

Wakongo wana desturi ya ushuhuda. Ukitendewa wema unasimama mbele za watu, unausema kwa jina la aliyeutenda. Mmoja akishasimama, wewe uliyetendewa ukibaki umekaa ni kama umekana. Mchungaji alisema tu: nani ana neno la kumshukuru Mungu?

Wa kwanza Orpha, msusi, shangazi yake Glody. "Mutoto wangu alikuwa analala na njaa! Papa Lambert alimupa chumba, alimupa kitanda, mpaka leo anamulisha!" Vigelegele. Akafuata mwingine, mwanawe alihitimu juzi: miaka miwili alikula kwa Marthe. Akafuata mwingine. Mstari ukafika mlangoni.

Lambert, safu ya pili, alikuwa amefunika uso kwa mikono. Watu wakadhani analia kwa furaha. Makofi yakazidi.

Ruphin alikuwa anarusha yote mubashara kwa simu. Nikamfuata, nikamwambia azime. Akanisogeza taratibu kwa kiwiko — namzibia picha. "Sikusema kitu, mama. Hii ni shukrani tu! Acha dunia yote imujue."

Kwetu tunasema mdomo uliponza kichwa. Sikujua kwamba hata asante inaweza.

Lakini niseme kweli, maana hapa hasomi mtu: sijawahi kusikia mtu akisifiwa vile akiwa hai.

Jumatatu, 8 Septemba

Video imefika kwenye ligi. Watu elfu tisa wameitazama. Ruphin amenipigia. Ameniuliza kama nimeona. Kisha: "Tulikuwa tunamusaidia."

Jumatano, 10 Septemba

Ligi imeniita shahidi. Ni ile aya yangu ya mwisho.

Nimepita Troyeville kumwambia Lambert mwenyewe, asisikie kwa wengine. Alikuwa anamfundisha Glody kukunja shuka. Hakushtuka. "Sema kama unavyoandika, dada." Marthe akaniwekea sahani. Nikasita. Akaniangalia. "Sasa hata weye unaogopa bukari yangu?"

Nikala. Nikamaliza. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha kikao cha ligi, Braamfontein. Chini barabarani mashabiki wamekaa kimya kabisa. Ruphin amewakataza hata kupiga ngoma.

Wajumbe ni watatu, wamekuwa humo tangu asubuhi na kesi nyingine. Saa saba Marthe akapanda ngazi na sufuria kubwa iliyofungwa kitenge, sahani juu yake. Lambert alisimama: Marthe, hapana! Leo hapana!

"Batu banakuja juu ya mambo yetu, bashinde na njaa? Mama yangu hakunifundisha vile." Akapita. Mlango ukafungwa.

Nilisubiri kusikia akifukuzwa. Nimesikia kifuniko. Kisha mtu akauliza haya majani ni nini. Kisha vijiko.

Marthe ametoka mikono mitupu, akakaa kati yangu na Lambert. Lambert anatikisa kichwa. Anacheka au analia, sijui, sijamuuliza.

Nitasema kweli: nilikula, na wachezaji walikula, na Glody analala pale. Sina nyingine ya kusema.

Katibu wa kikao amefungua mlango. Ananiita. Niwe tayari, anasema, swali la kwanza ni kama niliwahi kumwona mtu akila chakula cha mama huyu. Ana sombe kwenye ndevu. Nanyanyuka —