Ndiyo za Jemadari

Nyumba Na. 17,
Mtaa wa Ghala,
S.L.P. 214.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe, wifi yangu na watoto. Je, mgongo umetulia, au bado unashinda umesimama kazini kwa ukaidi ule ule? Na wifi, kile kikohozi kimemwacha? Sisi hatujambo. Shemeji yako yuko na karakana yake kama kawaida, mwanangu anajiandaa kwa mitihani, na shangazi yetu ana afya ya kutosha kugombana na nyumba nzima kabla ya chai ya asubuhi.

Asiyetulia ni mimi. Nimeianza barua hii mara tatu na mara tatu nimeinuka: mara nifunge dirisha, mara nikatazame jiko ambalo hata halikuwashwa. Mtu mliyembandika jina la Spika tangu darasa la nne hana desturi ya kukosa pa kuanzia. Basi naanza na ombi, maelezo yatafuata: nakuomba uifute barua uliyomwandikia afisa ustawi wa jamii mwezi Aprili, na uifute kabla ya Jumatano tarehe 26.

Ningekupigia simu. Lakini kwenye simu nitakushinda kwa maneno, na katika jambo hili nimekwisha kushinda kwa maneno mara moja, ndiyo maana tuko hapa.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Kituo anakoishi mdogo wetu Jemadari mwaka wa kumi na tisa sasa kimeagizwa kipunguze wakazi. Kila mwenye ndugu arudishwe kwa ndugu zake, isipokuwa kama mlezi wake wa kisheria, ambaye kwa Jemadari ni wewe, ataeleza kwa maandishi kwa nini abaki. Nilisimama mbele ya ukoo wote sebuleni kwangu nikauliza ni watu wa aina gani tunaoacha damu yetu, mtu wa miaka arobaini na mmoja mwenye ulemavu wa akili, ilelewe na wageni ilhali sisi tuna vyumba. Shangazi alilia. Shemeji yako alianza kupiga rangi chumba kesho yake. Nawe ukaandika barua ile ya kukubali arudi, karibu kila sentensi nikiwa nimekupangia.

Tulimuuliza mwenyewe, hilo nalikiri. Shangazi alimshika mkono akamwambia, "Unataka kurudi kwenu, sivyo, baba?" Naye akajibu, "Ndiyo." Tukapiga makofi.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kituoni kupima kitanda chake, ili tumnunulie godoro la kulingana. Nilimkuta chumba cha kufulia, anakofanya kazi. Msimamizi wa chumba kile ni mama mnene, mcheshi, wanamwita Bibi Sabuni. Alikuwa anakamua shuka, hata hakuniangalia.

"Mwalimu, nasikia mnanichukulia mtu wangu."

"Mwenyewe amekubali," nikamjibu.

"Amekubali!" Akamgeukia. "Jemadari, unataka kuhamia mwezini?"

"Ndiyo."

"Nikunyoe nyusi?"

"Ndiyo."

"Haya, mwalimu, lete wembe."

Kaka, nilicheka, kisha nikaona haya mpaka masikioni. Nimefundisha miaka ishirini na sita. Mwanafunzi anayekubali kila kitu ili aniridhishe namtambua kabla hajakaa kitini, na ndugu yangu wa tumbo moja sikumtambua. Jemadari humpa ndiyo kila amwulizaye kwa uso unaotaka ndiyo. Nikamwuliza Bibi Sabuni yeye humwulizaje. Akasema hamwulizi. Asubuhi huweka makapu mawili, la shuka na la taulo, kisha hutoka nje kuanika. Akirudi hukuta limeanzwa lipi. Siku nyingine ni shuka, siku nyingine taulo, na siku nyingine hayajaguswa yote mawili kwa sababu Jemadari ameamua kufagia.

Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa kituo, nikamleta kwangu kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi. Sikumwuliza lolote. Nilitaka kutazama tu.

Tulimpokea kama balozi. Alipomaliza chai, mwanangu alimnyang'anya kikombe akakioshe. Alipochukua taulo kwenye kamba ili aikunje, shangazi akamwambia, "Acha, baba, pumzika, umefika kwenu." Ijumaa asubuhi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda kipya, viatu vimefungwa kamba, mikono juu ya magoti. Akaniuliza kama mashine imewashwa. Nikamwambia hapa hatuna mashine, tunafua kwa mkono. Akatikisa kichwa kwa adabu. Kutwa nzima hakuuliza tena. Jumamosi nikamkuta vile vile, viatu miguuni, na kitanda kimetandikwa kana kwamba hapakulala mtu. Hakulalamika hata mara moja. Angelalamika, ningekuwa na la kujibu.

Tuliporudi kituoni aliteremka kabla gari halijasimama sawasawa, akaenda moja kwa moja chumba cha kufulia. Nikamsikia kabla sijafika mlangoni.

"Nani kakunja hizi? Zimekaa kama kabichi!"

"Si ulituacha?" akajibu mwenzake mmoja mrefu. "Ulikwenda kula raha kwa dada."

"Raha gani? Kule hakuna kazi!"

Alikuwa anapiga kelele, Kaka. Mtu tuliyezoea kumsikia akijibu kwa neno moja alikuwa anapiga kelele, huku akizikunjua shuka zote na kuanza upya.

Tangu hapo sikai. Nazunguka nyumba hii nikijitetea na kujishtaki. Siku tatu si maisha, najiambia, na huenda anachokikosa ni mazoea tu. Kisha najiuliza maisha yangu mimi yana nini zaidi ya mazoea, na nani aliwahi kuja kunihamisha kwa hoja hiyo.

Usidhani nazitetea kuta. Komeo la bafu lao limevunjika, nami sitanyamaza mpaka libadilishwe. Yupo mtunzaji wa zamu ya jioni anayesema na watu wazima kama anayefukuza kuku. Jina lake nimempa mkuu wa kituo. Na wapo waliostahili kuondoka pale zamani. Yule rafiki yake aliyekuwa akipiga kinanda alichukuliwa na kaka yake mwaka jana. Nimekwenda kumwona, amenawiri, ana banda lake la sungura na hataki hata kusikia habari za kituo. Yeye nyumbani ndiko kulikomfaa. Ninachokipinga ni agizo moja kwa watu wote, na familia kama yetu kulipigia makofi kwa sababu linatupa sifa.

Najua utanikumbusha maneno ya mwisho ya marehemu mama. Nimeyarudia sana mwenyewe, mpaka juzi nilipomwuliza shangazi, aliyekuwa chumbani siku ile, mama alisema nini hasa. Shangazi alizungukazunguka, kisha akakiri: mama alisema, "Msimsahau." Hilo la "mrudisheni" tuliliongeza sisi, na nadhani aliyeliongeza ni mimi.

Katika barua mpya nakuomba mambo machache. Abaki kituoni, kwa kuwa mwenendo wake umeonyesha hivyo. Kila baada ya miezi sita tutazame upya, kwa njia ya Bibi Sabuni na si kwa ile ya shangazi. Na aje kwangu Jumapili moja moja, si kama mgeni: nimeshamwambia mwanangu asimguse kikombe. Akianza kuchelewa kurudi huko, akianza kuvua viatu kwangu, chumba kipo, rangi imeshakauka, nami nitakuwa wa kwanza kukuandikia.

Tarehe 26 nitasimama mbele ya kamati inayoamua nani abaki kituoni. Watanisikiliza, wananijua. Lakini mwenyekiti amenieleza waziwazi kwamba maneno ya dada hayaizidi barua ya mlezi wa kisheria. Usipoandika, Jemadari ataondolewa siku ya mwisho wa mwezi, naye atatupa ndiyo nyingine, na sisi tutaipokea.

Rafiki wa shemeji yako anasafiri kesho kutwa, ndiye atakayekufikishia bahasha hii. Kabla hujashika kalamu, mpigie Jemadari simu. Usimpigie jioni, mpigie kati ya saa nne na saa sita asubuhi, kwa simu ya Bibi Sabuni, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Vumilia kelele za mashine. Usimwulize kama anataka kurudi. Mpe habari zako, mwambie unafanya kazi gani, kisha nyamaza umsikilize, hata akikaa kimya muda mrefu. Na akikukatia ghafla, Kaka, usihuzunike. Mashine itakuwa imesimama, na nguo ni zake.

Nisalimie wifi na watoto mmoja mmoja. Mwambie mkubwa wao kwamba shangazi yake anasubiri picha ya mahafali. Shemeji yako anakusalimu, na shangazi yetu anasema umezeeka kwenye picha. Mungu awalinde huko mliko, na akufungulie moyo juu ya hili.

Mdogo wako akupendaye na anayekusubiri,

Spika