Hakuna Aliyepinga Kituo

Jumanne, 4 Machi

Kituo cha treni cha mji mpya kitajengwa pale zilipo nyumba za wafanyakazi wa zamani wa uwanja wa ndege, na wakazi hawakupinga. Kasema mpangaji mkuu wa mradi leo asubuhi, mbele ya waandishi. Treni katikati, mabasi kando, maduka chini, makazi juu, watu watembee kwa miguu. Mchoro mzuri, sina ugomvi nao. Kinachonikereketa ni hilo la wakazi kutopinga. Mkutano wa Jumamosi nilikuwepo. Kabla haujaanza wakazi walikuwa wakipinga hata viti vya plastiki. Mpangaji alipouliza nani anapinga kituo — kimya. Mama mdogo wangu, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza kubomolewa, naye kimya! Huyo hajawahi kumnyamazia mtu.

Jumatano, 5 Machi

Nimesikiliza rekodi yangu. Swali linaulizwa, papo hapo katapila linaunguruma nje ya hema la mkutano. Muungurumo mrefu. Ndani yake, kwa mbali, mpangaji anasema asanteni, tuendelee. Kelele inakwisha, mama mdogo anaanza, "Mimi—" na mpangaji na wenzake tayari wako kwenye ajenda ya miti ya kivuli.

Mhariri wangu anataka habari ya hongo. Mimi sina hongo. Nina kimya tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekula mchana kwa mama mdogo. Jirani yake yupo — wanamwita Rubani. Kabeba mizigo ya abiria maisha yake yote, ndege hajapanda hata moja. Anamtania kwamba nyumba ikibomolewa atalala relini. Mama mdogo akamjibu heri reli kuliko kusikia — akakomea hapo. Lori la kifusi linapita. Kijiko kiko hewani. Rubani naye kimya, tonge shavuni. Lori likaishia, mama mdogo akamalizia: kuliko kusikia mkoromo wako ukutani. Hakuna aliyeshtuka ila mimi.

Nikauliza wanafanya nini. Wakanishangaa. Ndege ikipita juu ya paa mtasikilizana vipi? Unanyamaza, inapita, unaendelea ulipoishia. Ndege ya mwisho iliondoka miaka sita iliyopita. Vinywa havijapata taarifa. Na kunyamaza huko wamekupa jina. Wanakuita kituo.

Nikamuuliza mama mdogo kuhusu Jumamosi.

"Nilikuwa kwenye kituo, mwanangu. Nilidhani mpangaji naye anasubiri."

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea mpangaji rekodi. Si mtu mbaya. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Anasema mkazi mmoja tu akipinga mbele ya kamati, wanalazimika kupima pia eneo la karakana ya zamani ya ndege, ambalo liko tupu. Asipopinga mtu, nyumba zinaondoka. Ila muhtasari wa mkutano ulishapitishwa: kimya kimeandikwa kuwa ridhaa. Kanielekeza kwa katibu wa kamati.

Jumatatu, 10 Machi

Katibu amekubali: swali litaulizwa upya, hema lile lile, mara moja tu. Nikauliza kama katapila litazimwa. Mkandarasi ana ratiba yake, kasema. Watu wapaze sauti.

Jioni tumefanya mazoezi jikoni. Rubani kawasha blenda tupu, mimi nikauliza: nani anapinga kituo? Mama mdogo kimya, mkono kifuani. Nikarudia. Kimya. Hasira anazo, maneno anayo. Anasema sauti inagoma kutoka mpaka njia iwe wazi. Rubani akamcheka, nikamwambia ajaribu yeye. Kimya! Ikawa zamu ya mama mdogo kucheka.

Mara ya tatu alifika mbali kidogo. "Mimi nyumba yangu—" Akakoma. Akaizima blenda kwa mkono wake mwenyewe, akasema tuanze tena.

Kamati inakaa keshokutwa, Jumatano tarehe 12, saa nne asubuhi. Wa kwanza kuulizwa ni yeye.