Viatu Juu ya Chofaje

Papa Odette,

Ni mambo gani hii? Tangu baridi ianze haujapita hata mara moja kwa ndoto yangu. Mama wa nyumba ya hapa chini, marehemu bwana yake anamutembelea kwa ndoto kila juma, na huyo alipokuwa muzima hakuwa anatoka hata kwa kiti. Bon. Kaa, nisikilize. Ni Mado wa Odette anaandika; mimi nasema, na nimemukataza kulainisha.

Huyu Mado, mjukuu wako, amekuwa enjenia wa mashine. Wanamutuma kule ulikofanya kazi, kwa ile nyumba ya wanasayansi katikati ya barafu, fasi muntu hakai, achunge jenereta zinazowapa watu moto. Nilikataa. Nilisema barafu ile ilikula vidole viwili vya muzee wangu, haitakula vya mutoto. Akaomba baraka, nikageuza uso. Akaomba tena, nikajifanya nasinzia.

Unakumbuka safari yako ya kwanza? Kule mafuta ya injini yanakuwa magumu kama bukari iliyolala kwa sufuria, na wewe, fundi wa Lubumbashi, ukawasha injini kwa nguvu kama kwetu. Chuma kikapasuka. Ukakishika bila glavu, vidole viwili vikaganda, vikakatwa. Toka pale ukawa na neno moja tu: "Kitu ya baridi haiamshwi kwa nguvu. Ipashe moto kwanza." Ukaanza hata kupasha viatu vyangu juu ya chofaje, kile chuma cha kutia nyumba moto, kila asubuhi, na taulo juu yake. Nilikuchokoza kwamba unavikausha kama samaki. Lakini miguu yangu ilijua inapendwa. Asante, muzee. Asante sana.

Toka ulivyoenda, hapa Laeken, kwa Wazungu, nimevaa viatu baridi. Halafu juzi Mado akalala kwangu. Asubuhi natafuta viatu mulangoni, hakuna. Viko juu ya chofaje, vimefunikwa na taulo. Yeye anakunywa chai yake.

Alors, basi nikajua: mutoto huyu hataamusha mashine kwa nguvu. Ulimufundisha akiwa bado mudogo. Nikatia maji mudomoni, nikamupulizia baraka kwa mikono, kidole kwa kidole, vile mama yangu alinifanyia. Nikamwambia: "Enda. Na uniletee vyote kumi."

Anaondoka kesho. Mpaka arudi, nakuahidi, viatu vyangu nitavipasha mwenyewe.

Lala vizuri, Papa Odette. Na ukikuja tena, usianzie kwangu. Pita kwanza kule kwa barafu, utie mukono juu ya jenereta ya Mado, usikie kama iko na moto. Kisha kuja hapa, viatu vyako uweke juu ya chofaje, pembeni ya vyangu. Nimeacha nafasi.